Hapana Mbili za Teodil

Kila tarehe thelathini Agosti, Teodil Chalri alikuwa daktari. Siku nyingine zote za mwaka alisukuma vitanda vya magurudumu katika hospitali ya kusini, na kama aliyelala kitandani alikuwa ameshakata roho, alisukuma taratibu zaidi, kwa kuwa huyo hana tena haraka. Lakini ikifika sikukuu ya Chama cha Waridi, pale kijijini Laborie, alivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe, akaning'iniza shingoni stetoskopu iliyokufa tangu zama za Mwingereza, akaandamana kwenda kanisani nyuma ya mfalme ambaye ni mchoma mikate na malkia ambaye anauza samaki.

Kisiwa chote cha Santa Lusia kimegawanyika hivyo, Waridi na Magwit, vyama viwili vya maua, kila kimoja na mfalme wake, hakimu wake, polisi wake wa kukukamata kwa kosa la kukaa vibaya, na waimbaji wake wa kuusengenya upande wa pili mpaka mishipa ya shingo isimame. Mtu huzaliwa Waridi au Magwit kama anavyozaliwa na pua yake.

"Daktari, mgongo unaniuma," watu walimwambia Teodil siku hiyo.

"Ramu vikombe viwili, asubuhi na jioni. Na umwache mke wa jirani mpaka uvimbe ushuke."

Alikuwa daktari mzuri. Hakuna mgonjwa wake aliyewahi kulalamika.

Kilichokuwa kikimkereketa ni kwamba nusura awe daktari kweli. Mwaka 1980, akiwa na miaka kumi na tisa na alama kubwa kuliko kijana yeyote wa kusini, aliletewa barua ya ufadhili wa Kyuba. Udaktari, miaka sita, chakula, malazi, mpaka viatu. Teodil akaisoma barua ile kama mtu anayenusa samaki wa juzi. Kyuba, watu walisema, unakwenda na vitabu unarudi na ndevu na bunduki, na huo udaktari wao hauwezi kutibu hata kuku. Mwalimu wake wa kemia alikuwa amemwahidi kumwandikia rafiki yake Uingereza. Basi akaenda wizarani kwa miguu yake, akasema, "Hapana, ahsante. Mimi nasubiri Uingereza."

Uingereza haikujibu. Haijajibu mpaka leo.

Nafasi ya Kyuba akapewa Ferdinan Ipolit, aliyekuwa nyuma ya Teodil kwa alama kumi na moja. Ipolit akarudi na Kihispania, mke, na mikono ya kupasulia. Sasa ndiye mkuu wa upasuaji, na vitanda vya Teodil huishia mlangoni kwake.

"Umeniletea nini leo, daktari?" Ipolit humwuliza.

"Kidole tumbo, daktari."

"Ungekipasua mwenyewe, sema tu uliniachia kazi."

Wakacheka wote wawili. Miaka thelathini walicheka hivyo hivyo, na Teodil ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza kila mara.

Aliyekosa meli hujua ratiba zote. Kijiji kizima kikawa kinampelekea Teodil fomu za masomo ya ng'ambo. Alizijua serikali zote zilizokuwa zikikipenda kisiwa na kwa muda gani zingekipenda. Kyuba bado ipo, alisema, ila ukubali wali na maharage kama ndoa. Meksiko wanatoa, lakini wanataka vyeti mpaka cha ubatizo wa bibi yako. Kanada ni kwa wenye mjomba. Taiwani ni nzuri sana, mpaka uchaguzi ujao, maana serikali hapa ikibadilika na rafiki anabadilishwa. Tulishaoana na Wachina, tukaachana, tukarudiana na Taiwani, nani ajuaye kesho tutalala na nani? Kisha alimwangalia mtoto machoni, akamalizia kwa lile aliloliamini kuliko Baba Yetu: usiache mbachao kwa msala upitao. Barua ya kwanza ikija, ishike. Ishike hata kama inakupeleka kusomea uvuvi wa barafuni.

Kwa watoto wa wengine lilikuwa shauri jema. Kisha ikaja zamu ya binti yake.

Merlisa alimlea peke yake. Mama mtu yuko Martiniki, anasafisha vyumba vya hoteli na kutuma manukato. Msichana alikuwa na kichwa cha baba yake bila kiburi chake, na tangu akiwa na miaka minane alikuwa akiwafunga bendeji mbuzi wa jirani waliokuwa wazima kabisa. Aliomba udaktari Taiwani. Teodil akamlazimisha ajaze na fomu ya Moroko, uhandisi wa maji ya mashamba, mwaka wa kwanza ukiwa wa kujifunza Kifaransa.

Julai majibu yakatoka. Moroko: amekubaliwa. Taiwani: yuko kwenye orodha ya akiba, wa kwanza.

"Baba, mimi sitaki kumwagilia mboga za watu," Merlisa alisema. Alikuwa akimenya ndizi mbichi za mchana, kisu kikienda mbiombio.

"Hata daktari anakula mboga."

"Na Kifaransa chenyewe sikijui."

"Kifaransa ni Kikreoli chetu kilichovaa viatu. Utazoea kutembea nacho."

Merlisa akacheka, kisha akaweka kisu chini. "Sawa. Nakwenda Moroko. Lakini Taiwani wakiita kabla sijapanda ndege, nakwenda Taiwani. Sema ndiyo."

"Wa akiba hawaitwi, mwanangu."

"Sema ndiyo, baba."

"Ndiyo."

Waliita. Ilikuwa Alhamisi alasiri, siku kumi kabla ya safari. Merlisa alikuwa Kastri, mji mkuu, kuchukua viza, na simu yake ilikuwa imelala kwa fundi tangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Kwa hiyo karani wa wizara akapiga namba ya pili kwenye fomu, namba ya mzazi. Ikamkuta Teodil katika ukumbi wa Waridi, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, malkia akimlegezea koti kiunoni kwa sababu daktari alikuwa ameongezeka.

"Bwana Chalri? Kuna mwombaji wa Taiwani amejitoa. Udaktari. Merlisa ndiye anayefuata. Nahitaji jibu kesho kabla ya saa sita mchana."

Teodil akatoka nje, pini bado zimening'inia kotini. Udaktari. Angeweza kusema, nitamwambia jioni, akakata simu. Badala yake akauliza, "Akijitoa Moroko, halafu huko Taiwani pakakwama? Viza, au vipimo vya afya?"

"Hapo, mzee wangu, siwezi kukuahidi."

Hilo tu. Teodil akajiona tena kwenye ngazi za wizara, ana miaka kumi na tisa, amenyoosha suruali, mikono mitupu. Akamwona na Merlisa kwenye ngazi zile zile, na miaka thelathini ya kusukuma vitanda ikimsubiri chini.

"Hapana," akasema. "Ana nafasi tayari. Mpe mwingine."

"Una hakika? Hutaki kumwuliza mwenyewe?"

"Mimi ndiye baba yake."

Aliporudi ndani malkia akamwuliza, pini mdomoni, ni nani huyo. "Wamekosea namba," Teodil alisema, akainua mikono tena.

Saa kumi na mbili Merlisa alifika mlangoni na viza ya Moroko ndani ya bahasha na mfuko wa mikate ya kukaanga, bado ya moto, mafuta yamepenya karatasi.

"Hakuna aliyenipigia?"

"Nani akupigie? Njoo tule."

Nafasi ile ikaenda kwa Joslin, msichana wa kijijini hapo hapo, mjukuu wa Ma Leonsya. Na Ma Leonsya, kama ungetafuta kisiwa kizima mtu wa kutojua jambo hili, ndiye wa mwisho ambaye ungemchagua: mwimbaji mkuu wa Magwit, miaka sabini na minne, sauti ya msumeno. Karani alimwambia mama yake Joslin nafasi imetoka wapi; mama akamwambia bibi. Bibi hakumwambia mtu. Habari ile aliikoleza chumvi akaitunza, kama nyama ya sikukuu.

Tarehe kumi na saba Oktoba ni siku ya Magwit. Desturi ni kwamba wakubwa wa Waridi wanaalikwa, wanalishwa, kisha wanatukanwa kwa wimbo, nao wanatakiwa kucheka. Teodil alikwenda na koti lake. Baada ya kanisa na chakula, saa nane mchana, Ma Leonsya akasimama, akarekebisha kofia, akaangalia dari kama anayeomba radhi, akaanza:

"Daktari wa Waridi kapigiwa simu,
dawa ya mwanawe kaimwaga chini.
Ahsante, daktari, ahsante,
mjukuu wangu kaiokota, kameza, kapona."

Ukumbi ukaitikia: *kaiokota, kameza, kapona.* Teodil akacheka kama desturi inavyotaka. Alicheka mpaka mstari wa pili uliporudiwa. Hapo akaona simu zimeinuliwa, kumi, kumi na tano, zote zikirekodi. Watu wa Laborie walioko nje wana kundi lao la Wasap, na hakuna wimbo wa Ma Leonsya usiofika humo kabla jasho lake halijakauka.

Ipolit, ambaye ni Magwit wa kuzaliwa, alikuwa ameketi kando yake na sahani magotini. "Ni kweli?" aliuliza taratibu.

"Kweli."

"Udaktari? Wewe ukatae udaktari, mara ya pili?" Ipolit alitafuna, akameza. "Au hukutaka daktari mwingine ndani ya nyumba, bwana?"

Siku nyingine yoyote huo ungekuwa utani. Leo Teodil aliogopa, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba Ipolit amekosea. Akainuka, akapita katikati ya wacheza ngoma, akatoka nyuma ya ukumbi penye masufuria. Jambo moja tu lilikuwa limebaki mikononi mwake: Merlisa asikie kwake kabla hajasikia kwa Ma Leonsya. Akapiga simu Moroko.

"Baba!" Huko Rabati giza lilikuwa limeshaingia, nyuma ya sauti yake vyombo vilikuwa vikioshwa. "Nilikuwa nakuwaza. Leo wametupa nyama ya kondoo na plamu. Matunda, baba, ndani ya mchuzi. Nikasema, hawa walikosa nini mpaka wakafika hapa?"

"Merlisa."

"Na kile Kifaransa chako cha viatu, kinanibana vidole vyote."

"Merlisa, sikiliza. Taiwani walipiga."

Vyombo vikaendelea kulia.

"Lini?"

"Siku ulipokwenda kuchukua viza. Walikupa udaktari. Nikawaambia hapana."

Ndani ya ukumbi walikuwa wamefika tena kwenye *kameza*.

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nilikuwa nakunywa soda ya kimea."

"Afadhali ungekuwa umelewa." Akavuta pumzi. "Jioni ile nilikuuliza. Nimesimama mlangoni, nimeshika mikate, nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Na wewe ukala."

"Niliogopa ukose vyote viwili, mwanangu. Niliogopa uwe kama mimi."

"Najua uliogopa. Nakujua." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza. "Labda hata mimi ningeogopa. Labda ningekaa usiku kucha nikapiga hesabu zako hizo hizo, halafu asubuhi ningemwambia karani hapana. Lakini sitajua tena, baba. Ile hapana ya Kyuba ilikuwa yako. Ulikwenda kuisema kwa miguu yako, na ukaijutia mwenyewe. Mimi yangu umenisemea."

Teodil akapindua sufuria moja chafu, akalikalia, simu bado sikioni.

"Simu inalia lia hapa," Merlisa alisema. "Kundi la Laborie. Nini hicho wanachotuma?"

"Ni wimbo. Wa Ma Leonsya."

"Kuhusu wewe?"

"Kuhusu sisi."

Merlisa akatoa kicheko kifupi kisicho na kitu ndani. "Basi nitausikiliza. Wewe usinipigie kwa muda, baba. Nitapiga mimi."

Aliporudi ukumbini, Ma Leonsya alikuwa anamsubiri, mikono kiunoni. Desturi ni kwamba aliyeimbwa ajibu kwa wimbo au achukuliwe na polisi wa maua kwa kosa la ububu. "Jibu, daktari," bibi alisema, na watu wakanyamaza ili wapate kucheka vizuri.

Teodil akavua stetoskopu, akaiviringa, akaitia mfukoni. "Joslin anaendeleaje huko?"

Ma Leonsya hakuwa ametegemea swali. Akashusha mikono. "Anasema ni kugumu. Analia kila Jumamosi."

"Mwambie asirudi," Teodil alisema. "Mwambie alie huku anasoma." Akakaa. Polisi wa maua wakatazamana, na hakuna aliyejitokeza kumkamata.

Merlisa alipiga mwezi Desemba, siku tatu kabla ya Krismasi, asubuhi. Aliuliza kama mvua imenyesha na kama mbuzi wa jirani amezaa. Akaeleza kuhusu mabwawa, jinsi maji yanavyopimwa kabla ya kufunguliwa, na kwamba amekuwa wa pili katika hesabu. Teodil alikuwa na mzaha mmoja mzuri kuhusu madaktari wa mabomba. Ulimfika kwenye ulimi, akaumeza.

"Vizuri, mwanangu," alisema, akangoja kuona kama Merlisa ana la kuongeza.

Hakuwa nalo.