Rimu ya Lori kwenye Mkaratusi

Kanisa la kilima chetu, juu ya Gihosha, limejengwa kwa matofali ambayo mama yangu, akiwa msichana, aliyabeba kichwani kutoka bondeni. Kengele yake ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mkaratusi. Ikigongwa haraka haraka, watu wanakuja kusali. Ikigongwa polepole, kuna mtu amefariki, na kilima kizima kinaacha kulima na kuja na majembe kuchimba kaburi. Isipogongwa, mnazika peke yenu.

Mama alikuwa mke wa pili. Hakufunga ndoa kanisani, kwa hiyo hakuruhusiwa kupokea komunyo. Miaka yote alikaa benchi la nyuma, na kila Jumamosi alifagia kanisa hilo hilo, kuanzia altare hadi ngazi za nje. Kufagia hawakumkataza. Jambo hilo liliniudhi tangu utotoni na linaniudhi mpaka leo.

Alipofariki, nilipanda kilima kutoka Kinama, mtaa wa mjini ninakoshona nguo, nikaenda moja kwa moja kwa katekista, mzee anayetunza chuma cha kugongea. Alinipa pole, kisha akatazama viatu vyangu.

"Binti yangu, apana. Rimu inapigwa kwa wenye walikuwa wanapokea komunyo. Ni desturi."

"Na wenye walikuwa wanafagia, baba?"

"Mi siwezi. Watu watasema nini?"

Nyumbani nilikuwa na kaka mmoja tu, na mgongo wake ni mbovu. Kaburi lisingekwisha siku hiyo. Lakini nisidanganye, si kaburi tu lililonipandisha hasira. Nilitaka kilima kisikie.

Nikachukua jembe la mama, nikasimama chini ya mkaratusi, nikagonga. Polepole, inavyotakiwa. Katekista alitoka mbio na chuma chake, akashika mpini wa jembe. Nikamwambia aachie, akaachia. Niligonga mpaka viganja vikachubuka.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu, matope hadi magotini, na nyuma yake njia imejaa watu na majembe. Akauliza nani amekufa.

"Mwenye alikuwa anawafagilia kanisa," nilisema.

Hakuna aliyeuliza habari za komunyo. Walishika njia ya kwetu kwenda kuchimba. Katekista alibaki pale na chuma chake mkononi, hajui akiweke wapi.

"Kesho ni Jumamosi, baba," nilimwambia. "Ufagio iko nyuma ya mulango."