Sweta ya Injini: Kupanda Olenguruone kwa Gari la Milango Miwili

Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya mshale mmoja mdogo. Mshale huo uko kwenye geji ya joto ya gari aliloniachia mjomba wangu, gari jekundu la michezo lenye milango miwili na umri sawa na wangu. Chama cha wakulima wa mbegu za viazi huko Olenguruone kilikuwa kimenipa kazi, ya kwanza tangu nimalize chuo, kwa sharti kwamba niwe na gari langu la kuzungukia mashamba. Jibu lilitakiwa kabla ya Jumatatu. Je, gari lingefika? Likifika, lingerudi? Likirudi mara moja, na mara ya pili je? Hitilafu zake nilikuwa nimeziandika kwenye daftari, kurasa nne. Ijumaa nikachoka kuandika. Nikaamua kwenda kuona.

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa mtaa wa Free Area, Nakuru, kwa Baraka, fundi wangu. Alichungulia injini, akaongeza maji ya bomba kwenye rejeta, kile kipozeo cha maji ya injini, akaifunga boneti kwa kofi.

"Boss, hii mashine ni simba. Shida ni wewe."

"Na ile themostati uliyotoa?"

"Ya nini? Hiyo waliwekewa watu wa theluji. Huku ni Kenya, jua tuko nalo."

Mnayajua mazoea haya. Gari likichemka, fundi anatoa themostati, kile kijipande kinachofunga njia ya maji mpaka injini ipate joto, na kila mtu anarudi nyumbani akiwa na furaha. Baraka ni mwaminifu: chochote anachotoa hukurudishia, usije ukadhani amekiuza. Changu kilikuwa kimefungwa kwa gazeti ndani ya dashibodi, kwa kuwa mimi situpi kitu.

Baada ya Njoro barabara ilifunguka, nami nikakanyaga mafuta. Jamani! Gari lile liko chini kiasi kwamba unahisi unakimbia ukiwa umekalia lami yenyewe. Ngano kushoto, ngano kulia, na mimi katikati nacheka peke yangu. Bushi za mbele, zile raba za magurudumu, zililia, kioo cha mlango wa abiria kililia, na kitu kingine nisichokijua kilikuwa kikigonga kwa mdundo. Sikujali hata kidogo.

Kabla ya Elburgon barabara ilianza kupanda mlima, na mshale nao ukaanza. Ulipogusa nyekundu nilisimama, na mvuke ukatoka chini ya boneti. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karoti kando ya barabara alinijia na mtungi wa maji.

"Kijana, hiyo gari inapika chai?"

"Karibu kikombe, mathe."

"Usifungue saa hii, itakuchoma uso. Mzee wangu alijifanya anajua, mpaka leo nyusi hazijarudi sawa."

Tulingoja nusu saa, tukitafuna karoti zake. Nilijaza maji, nikaendelea polepole.

Karibu na Keringet ukungu ulishuka. Taa za gari hili hulala ndani ya boneti na kuinuka ukibonyeza swichi. Siku hiyo iliinuka moja tu. Dereva wa lori la viazi alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Niaje! Gari yako inanikonyeza, na mimi nimeoa!"

Nilishuka, nikazungusha kwa mkono kirungu kilicho nyuma ya mota inayoinua taa mpaka jicho la pili likafumbuka. Niliporudi ndani, mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Injini ilikohoa, na hita ikapuliza baridi. Nikachukua daftari, nikaandika: geji imekufa.

Saa saba mchana nilifika Olenguruone, nyumbani kwa Mzee Koech, mwenyekiti wa chama.

"Karibu," alisema akilizunguka gari. "Hii umeendesha ama umevaa?"

Binti yake Chelangat ndiye anayetengeneza matrekta ya chama. Hakucheka. Aliinua boneti, akashika bomba la juu la rejeta, akaniangalia.

"Injini inanguruma na bomba ni baridi. Umeileta Olenguruone bila sweta?"

Nikaelewa anaulizia themostati, nikamletea lile gazeti. Alilifungua, akaingia jikoni, akakitumbukiza kile chuma kwenye sufuria ya maji iliyokuwa mekoni.

"Hiyo ni sufuria ya maziwa!" Mzee Koech alipiga kelele.

"Leo ni maabara, baba."

Maji yalipokaribia kuchemka, themostati ilifunguka taratibu mbele ya macho yetu. Akaitoa, ikajifunga. Haikuwa mbovu hata siku moja!

"Ilifungwa jela bure," Chelangat alisema tukirudi kwenye gari. "Mwizi ni huyu." Alifungulia maji ya rejeta, yakatoka na magamba meupe kama chokaa. "Maji yenu ya Nakuru yanaharibu meno ya watu, mlidhani rejeta itapona? Imeziba, ndiyo maana inachemka mlimani. Na huku kwenye baridi haipati joto kwa sababu mlango mmeung'oa."

Aliisafisha rejeta, akairudisha themostati mahali pake, akakata gasketi ya kuzibia maji kutoka karatasi nene, kisha akanipa spana.

"Funga wewe, msomi. Ukikwama shambani utaniita?"

Sikuwa nimewahi kufungua hata nati moja ya gari lile. Nikafunga boliti mbili, nikazirudia, nikazirudia tena.

"Inatosha! Utazikata!"

Akajaza kulanti ya trekta, ile dawa ya kupozea injini, maji ya bomba akayakataza kabisa.

Saa kumi nilianza safari ya kurudi. Mshale ulipanda hadi katikati, ukakaa hapo. Keringet, katikati. Molo, katikati. Hita ilipuliza joto zuri magotini, na mimi nikaimba kwa sauti ambayo sitaieleza hapa. Katika kurasa zangu nne nilikuwa nimehofia kila kitu isipokuwa hiki kimoja, kilichokuwa kimelala kwenye gazeti mbele ya kiti cha abiria. Nilisimama Molo, nikampigia Mzee Koech.

"Nimekubali kazi."

"Si ungesema ukiwa hapa kwangu?"

"Nilikuwa naangalia geji, mzee."

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi Baraka, akiwa na chupa ya maji ya bomba ya kuongeza kwenye rejeta, alinikuta nikifunga godoro kwa kamba juu ya paa la gari la michezo.

"Boss, hiyo sasa ni aibu."

"Shika upande huo," nilimwambia, "na chupa ya maji uiweke chini." Alishika. Nikakaza fundo mara moja tu, nikaingia, nikawasha, nikaondoka.