Fundi Rangi Aliyemlinda Mkewe

Fundi rangi wa magari alikuwa ametimiza miaka hamsini na mbili na bado alijiona kijana mbichi kabisa. Kilichomkosesha raha ni mtoto. Mkewe alikuwa na miaka thelathini na minne, na mimba mbili zilikwishaharibika.

Ya tatu ilipoingia, fundi aliapa haitapotea. Alipiga marufuku rangi ya kucha, dawa ya mbu na kila sabuni yenye harufu. Mkewe alipomletea chakula gereji, alimkimbilia na kumzuia barabarani.

"Mke wangu, rudi nyumbani. Humu harufu ya thina ya kuyeyushia rangi imejaa, si hewa ya mjamzito hii."

Kisha akarudi ndani akapuliza rangi milango minne mfululizo, pua wazi, maana barakoa humbana pumzi. Alipomaliza akanawa mikono kwa thina hiyohiyo, akala. Kwani mimba ilikuwa tumboni mwake?

Mimba hiyo ilitoka wiki ya tisa. Fundi alilia kweli, hilo tusimnyime. Halafu akafuta machozi na kumpeleka mkewe hospitali akapimwe tena.

"Mama tumempima mara tatu, hana tatizo," alisema daktari. "Wewe mzee unafanya kazi gani?"

Hilo neno mzee lilimchoma kuliko swali lenyewe.

"Mbegu ya mwanamume haibebi jeni peke yake," daktari akaendelea. "Inabeba na alama za kuelekeza jeni ipi ifanye kazi na ipi itulie. Umri unazivuruga, na kemikali kama zako zinaweza kuzivuruga pia. Siwezi kukuapia kwamba ndiyo sababu. Ila mbegu huchukua kama miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo jikinge tuone. Umri ndio sina dawa yake."

"Mbona jirani yangu kazaa na miaka sabini?"

"Mpe hongera zangu," daktari akajibu huku akiandika.

Mkewe akamgeukia. "Wiki zote hizi mimi sipaki hata kucha. Wewe ulikuwa unavuta nini?"

Fundi aliona aibu, tena mbele ya watu. Akaitazama sakafu, kisha akamuuliza daktari kwa sauti ya chini barakoa nzuri zinauzwa wapi.

"Zipo chumbani," mkewe akasema. "Boksi zima. Ulininunulia mimi."