Kikopo cha Muhirwa

Ndugu yangu Muhirwa alizaliwa Minembwe, Kongo, tukamzika hapa Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Agosti 2013. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kwa miaka minne alizunguka kambini kwa baiskeli, akikusanya makohozi ya watu waliokubali kuingia katika utafiti wa kifua kikuu. Vikopo vilipelekwa maabara Mbarara, vikapimwa, na sehemu ikahifadhiwa kwenye friza. Watu walimwita Bwana Makohozi. Yeye alicheka tu: "Kohoeni vizuri, nisibebe mate ya bure!"

Februari mwaka huo alianza kukohoa yeye mwenyewe. Asubuhi moja alijaza kikopo chake, akabandika namba, akaenda kunawa. Wiki hiyo wazee wa Gaju, mchumba wake, walikuwa wanakuja kupatana ng'ombe wa mahari. Mimi ni dada yake mkubwa, yaya kama alivyoniita, kiongozi wa kwaya. Niliwaza: wakisikia kifua kikuu watarudi kwao, na kanisa litatunyooshea kidole. Nilimwaga makohozi chooni, nikasuuza kikopo, nikatema mate yangu. Kisha nikapiga magoti kuomba, kana kwamba Mungu alikuwa hajaona.

Majibu yalikuja: hana ugonjwa. Akawa anakunywa dawa ya kikohozi ya dukani. Julai alitema damu. Safari hii alikohoa mbele ya Anatole, mpimaji wa maabara, na ugonjwa ukaonekana. Anatole alishangaa, akatoa sampuli ya Februari kwenye friza, akaipima upya, safari hii hadi vinasaba. Ilikuwa ya mwanamke.

Muhirwa alirudi, akakaa mlangoni.

"Yaya, mate yako imefika Mbarara mbele yako."

Sikuweza kumtazama.

"Ulifanya vile juu ya Gaju?"

"Ndiyo. Unisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini usiambie mutu. Batakucheka mu kwaya."

Alianza dawa siku hiyo, lakini mapafu yalikuwa yameharibika. Aliishi wiki tatu.

Kaburini mchungaji alisema, "Dada huyu alimtunza ndugu yake hadi pumzi ya mwisho." Watu wakaitika amina. Gaju akanishika mkono. Nilisimama ili niseme, nikaanzisha wimbo.

Leo tunaondoa matanga, na familia imenipa kazi ya kuandika maisha yake. Namwomba mchungaji ayasome yote, asiruke mstari. Mungu nimekwisha kumwambia.

Gaju, wewe sijakuambia. Angepona.