Waliposema Baba Kaiba Gitaa

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila ninapokuona umelipakata gitaa la babu yako, unatafuta kwenye simu limetengenezwa wapi na mwaka gani. Tafuta, sikukatazi. Jina la kiwanda lilifutika pale kwenye kichwa cha gitaa kabla hujazaliwa, na mimi niliishia darasa la saba, siwezi kukusaidia. Lakini gitaa hili liliwahi kutambuliwa msibani, watu wamejaa uani, na mpaka leo nikikumbuka lilivyotambuliwa, damu inanichemka.

Tulikuwa Manyoni, upande wa reli. Baba alikuwa mpiga solo katika bendi ya shirika moja la umma lililokuwa na maghala pale. Ulikuwa wakati wa soko huria umeingia, mashirika yanafungwa, mali zinauzwa, wafanyakazi wamekaa nyumbani wanasubiri mafao. Bendi ilikufa kwanza. Baba naye aliumwa kifua, akafuata.

Gitaa hili alikuwa nalo kabla hajaingia kwenye bendi hiyo. Aliuza ng'ombe akalinunua kwa fundi mmoja wa reli aliyekuwa anahama. Bendi nzima ilijua. Mzee Njiku, mpiga besi, alikuwa akimtania kila mara: "Kaka, leo ng'ombe wako analia vizuri!" Nasi watoto tulicheka, maana utani huo tulikua nao.

Siku ya pili ya msiba ikaja Landrova. Nyuma imebeba vyombo vya bendi vilivyokusanywa ghalani. Akashuka afisa mmoja mwenye tai, aliyetumwa kukusanya mali za shirika. Aliingia sebuleni tulipokaa wanawake, akakanyaga mkeka na viatu vyake, akasema "poleni" huku macho yake yako ukutani. Gitaa lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wake. Akalishusha bila kuuliza, akaligeuza. Nyuma, rangi ilikuwa imeisha mahali, mbao iko wazi, kama kiganja cha mkono.

"Hapa palikuwa na namba ya shirika," akasema. "Imepigwa msasa."

Akatoka nalo mpaka uani walipokaa wanaume, akatangaza kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa: "Jamani, marehemu alichukua mali ya shirika akafuta namba. Hili naondoka nalo."

Mwanangu, baba alikuwa amezikwa jana yake. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

Niliwatazama wanaume kupitia mlangoni. Nilingoja mmoja aseme. Mpiga ngoma akaanza kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Mzee Njiku akaangalia miguu yake. Walikuwa wanasubiri mafao, na karatasi zao zingepita mikononi mwa bwana yule. Nililielewa hilo. Kulielewa hakukunipunguzia hasira hata kidogo.

Nikasimama. Baba mdogo akaniona natoka, akaninyooshea kidole. "Binti, rudi ndani. Huyu ni mgeni wa msiba, hutamfokea hapa."

Shangazi akajibu kutoka ndani, hata hakuinuka. "Na marehemu ndiye wa kutukanwa hapa? Mwache mtoto aseme."

Nilimwamkia afisa shikamoo, maana ndivyo nilivyolelewa. Nikamuuliza, "Vyombo vyenu vyote vina namba?"

"Vyote."

"Naomba nione kimoja."

Akatabasamu kama anayemridhisha mtoto, akamwashiria dereva. Dereva akaleta gitaa la besi. Tukaligeuza. Namba ya shirika ilikuwa imegongwa kwenye bamba la chuma, pale nyuma shingo inapofungwa kwa skrubu, siyo kwenye mbao. Nikaomba lingine. Nalo vilevile, mahali palepale. Kisha tukaligeuza la baba. Bamba lake lilikuwa safi, lina namba ndogo ya kiwandani tu, hakuna alama ya nyundo.

"Na huu msasa?" afisa akauliza. Sasa hakuwa anatabasamu.

Nikamwita shangazi anipe mkanda wa baba wa suruali, ule wenye kifungo kizito cha shaba aliouvaa miaka yote. Akaurusha dirishani. Nikaupeleka kwa Mzee Njiku, kwa sababu kimo chake na cha baba kilikuwa kimoja.

"Baba, simama uuvae."

Alinitazama kama namwomba kitu kikubwa mno. Akasimama, akaufunga, nikamvisha gitaa begani. Pale palipokwanguka palikaa juu ya kile kifungo, mwanangu, kama kifuniko na sufuria yake. Kila mtu aliona. Mzee Njiku akashika shingo ya gitaa, ndipo akasema, "Alilinunua mwenyewe. Aliuza ng'ombe. Sote tunajua." Akaanza kulia.

Afisa akakohoa. "Haya, yaishe. Chukueni gitaa lenu."

Unajua baba mdogo alifanya nini? Alinyoosha mikono yote miwili na kusema, "Ahsante sana, afisa." Ahsante! Anamshukuru mtu kwa kuturudishia kilicho chetu!

"Baba mdogo, usilipokee," nikasema. Nikamgeukia afisa. "Umewaambia watu hawa kwamba baba yangu kaiba. Waambie hawahawa kwamba hakuiba."

"Nimesharudisha. Unataka nini tena?"

"Nataka useme."

Afisa akarekebisha tai yake, akaviambia viatu vyake, "Hakuiba."

"Huku ndani hatujasikia!" shangazi akapaza sauti. "Na ndani ndiko ulikoanzia!"

Dereva akageuka pembeni akijizuia kucheka. Afisa akavuta pumzi, akasema kwa sauti ileile aliyotangazia mwanzo: "Marehemu hakuiba. Gitaa ni lake."

Wanawake wakaangua kilio upya, kama baba kafa dakika ile. Hapo ndipo nilipolipokea.

Afisa hakumjua baba, na kwa ujeuri wake namwachia Mungu. Wanaoniuma ni waliomjua. Walikula naye, walicheka naye, na ilipofika saa ya kulisema neno moja, wakasubiri msichana aje kuwavisha mkanda ndipo walikumbuke.

Kwa hiyo nakuasa hivi, mwanangu. Ukisikia mtu anasemwa uongo, na wewe unaujua ukweli, useme papo hapo, hata kama una shida yako mezani kwa huyo anayesema. Usingoje kuulizwa. Mfu hawezi kukuomba. Na ukichafuliwa jina mbele ya watu, usikubali kurudishiwa kitu mkononi kimyakimya ukashukuru. Dai jina kwanza, mbele ya walewale waliosikia. Ukiitwa mkaidi, itika. Na wewe ukimkosea mtu hadharani, usiende kumwomba radhi uchochoroni.

Mungu akujalie uhai mrefu na kauli iliyonyooka. Na siku utakapokuwa umelala, huwezi tena kujitetea, akupe uani mwako hata mtu mmoja atakayesimama kabla hajaombwa.