Wimbo wa Nyuma ya Ukuta

Zamda alikuwa amechoka hata kulia. Mumewe, Kibwana, aliangukiwa na mti kwenye mikoko ya Mbwera alikokwenda kukata boriti, akaletwa kwao Ruaruke kuzikwa. Tangu siku ile Zamda alikuwa ndani ya chumba kimoja, kavaa nguo nyeupe, anakaa eda. Ambaye hajawahi kukaa eda hudhani ni kupumzika. Na akae basi, aone mgongo unavyouma.

Alikaa na mama mkwe wake, Bi Mwajabu. Wawili hao hawakuwa na maneno mengi. La kusema lilikwisha siku ya mazishi.

Kitu alichokosa Zamda kuliko vyote ni wimbo. Kibwana alipokuwa kijana alipeleka boriti Dar es Salaam, akapita nyuma ya jumba la sinema za Kihindi. Pesa ya kuingia hana, basi akabandika sikio ukutani. Alisikia filimbi, kisha sauti ya mwanamke ikipanda, ikipanda, na hapo askari akamfukuza. Miaka yote aliyoishi na Zamda, kila akinoa shoka, aliuvuma wimbo ule bila maneno, akifika pale pa kupanda anakatiza na kucheka.

"Hapo ndipo nilipopigwa kirungu," alikuwa akisema. "Ipo siku nitaujua mwisho wake, nikuimbie wote."

Sasa jioni moja likaja gari la kampuni ya sabuni kutoka Kibiti, na mashine ya sinema. Kijiji kizima kikamiminika uwanjani na mikeka. Mjane haendi sinema, na mama wa marehemu ataonekanaje huko? Wakabaki ndani, mlango umerudishwa.

Baada ya sala ya isha vipaza sauti vikakoroma, mtu akasifu sabuni mpaka akatia uchovu, halafu picha ikaanza. Ikaja filimbi. Zamda akashika mkono wa mkwewe.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia. Ndio ule wa mwanangu."

Sauti ya mwanamke ikaingia, nayo ikapanda, ikapanda.  Furaha ilimjia Zamda mpaka akaona haya, mwenye msiba kufurahi hivyo.

Mara sauti ikakatika, kimya.

Wakangoja. Mashine ilikuwa ikizunguka bado, na watu uwanjani walikuwa wanacheka, "Tazama wanavyoruka! Wamepagawa nini?" Maana mtu anayecheza bila ngoma ni wa kuchekwa, hata awe na uzuri gani.

"Mama, nenda ukawaambie wafungulie sauti," Zamda alinong'ona.

"Niseme nini, mwanangu? Kwamba mama wa marehemu anataka ngoma, na arobaini haijafika?" Bi Mwajabu aliuliza. "Watanisema mpaka vijiji vya huko Mkongo."

Hata hivyo akainuka, akajifunga kanga, akafika mlangoni, akasimama hapo na kuegemea mwimo.  Kabla hajatoka, alitokea Mshamu, mdogo wake Kibwana, anahema kwa haraka, uso unang'aa kwa kazi njema.

"Mama, shemeji, mniwie radhi kwa zile kelele za mwanzo," alisema kutoka nje. "Nilikuwa nyuma ya watu, sikuwahi kuwazuia. Nimewaambia wazime sauti, watu watazame picha tu. Nyumba ina msiba, bwana, ngoma haipigwi! Wakabisha, nikawaambia ng'o."

 Kijana yule alimpenda kaka yake, na wanawake wote wawili walilijua hilo.

"Ahsante, shemeji," Zamda alisema. "Mungu akulipe."

Mshamu akarudi uwanjani. Bi Mwajabu akarudi mkekani, akajilaza ubavu. Nje watu walizidi kucheka. Baada ya muda mama yule akaanza kuuvuma wimbo chinichini, kwa sauti iliyochoka, na Zamda akamfuata. Wakafika pale pa kupanda, wote wakanyamaza.