Mkanda wa 2010 kwenye Bonde la Abay

Shemeji yangu amening'iniza miguu nyuma ya pikapu, viatu vyeupe vya Dubai, mapajani kapakata jiwe kubwa. Namuona kwenye kioo. Midomo inacheza. Anasali.

Siti ya nyuma yangu yuko mke wake, dada yangu Woinshet. Mimba ya miezi tisa, siku yoyote.

Mbele yangu, korongo.

Mimi ndiye dereva. Gari ni langu. Ujinga pia ni wangu.

Iko hivi.

Kwetu Ethiopia, mwanamke akipata mimba ya kwanza anakwenda kujifungulia kwa mama yake. Mama yuko Dejen, sisi tulikuwa Addis. Katikati kuna Bonde la Abay. Unashuka mpaka mtoni, unavuka daraja, unapanda upya. Kona juu ya kona.

Tumefika katikati ya mteremko, dada akasema, "Yirga, simama. Kibofu kinapasuka."

Akaenda nyuma ya mwamba. Mimi nikafungua boneti niangalie maji, injini inaunguruma.

Mulualem, shemeji, akaja kuchungulia. Kafanya kazi Dubai miaka mingi, kila kitu anajua yeye.

"Mkanda wa taiming ulibadilisha lini?"

"Wa juzi juzi tu, bwana. Soma hapo."

Kwenye kava ya mkanda huo, unaoendesha vali za injini, kulikuwa na stika. Namba ilisomeka vizuri: 2010. Dalali alinionyesha siku nanunua. Sisi tulikuwa 2012, nikapiga hesabu: miaka miwili. Nitabadilisha mwakani.

Mulualem akainama. Akasoma.

"Shemeji, haya maandishi mengine umeyaona?"

"Michoro tu hiyo."

"Michoro nini! Kiarabu hiki. Mkanda umefungwa Dubai." Akanitazama. "Tangu lini Mwarabu akahesabu miaka ya kwetu?"

Moyo paa!

Kalenda yetu iko nyuma ya ile ya wazungu miaka saba, nane hivi; 2012 yetu, kwao ilikuwa 2019. Ile 2010 haikuwa ya kwetu. Mkanda ulikuwa unakaribia miaka kumi.

"Ukikatika tukiwa tunashuka?" akauliza kwa kunong'ona.

"Injini inakufa hapo hapo. Breki inakuwa ngumu, usukani unakuwa mzito."

"Zima basi!"

"Nizime? Nikiwasha tena si ndiyo utakatika? Tutalala na nani hapa, nyani?"

Simu haina mtandao. Malori yanashuka yananuka breki, hakuna wa kusimama. Dada tangu asubuhi anashika kiuno, anasema ni uchovu. Hapa akishikwa na uchungu nani wa kumzalisha? Mimi?

"Usimwambie," Mulualem akasema. Akaokota mawe mawili ya kukinga tairi, akapanda nyuma.

Dada akarudi. "Mume wangu kawa mzigo?"

"Anapunga upepo."

Gia ya kwanza. Nikaubana upande wa mlima, mkono juu ya hendibreki. Likiharibika, nalikita gari ukutani. Jasho linaniingia machoni, sithubutu kujifuta. Kila injini ikibadili sauti, nakamata hendibreki.

Tukafika darajani. Tukavuka. Nikaanza kucheka peke yangu kama chizi.

Tukaanza kupanda. Kona ya tatu, ya nne...

Tak!

Basi. Kimya.

Gari likasimama, halafu likaanza kurudi nyuma.

Nikakanyaga breki, kama nakanyaga kisiki. Hendibreki nimeivuta mpaka mwisho, gari linarudi tu. Nyuma ni ukingo.

"Mulu! Jiweee!"

Alisharuka. Jiwe la kwanza likachomoka chini ya tairi, likatumbukia korongoni. Sikulisikia likifika chini.

La pili likashika.

Gari likatulia.

"Dada, usiogope, ni kitu kidogo tu..."

"Ni mkanda," Woinshet akasema. "Nilikuwa nyuma ya mwamba, Yirga, sikuwa Sudani."

"Ulisikia? Mbona hukusema?"

"Ningepiga kelele ungetetemeka. Ungetetemeka na usukani ungetetemeka."

Nikageuka. Kucha zake zilikuwa zimechana kitambaa cha siti mpaka sponji inaonekana.

Tulikuwa tunamficha yeye. Kumbe yeye ndiye aliyetubeba.

Lori moja lililokuwa linapanda likatuvuta mpaka Dejen. Alijifungua kwa mama, binti, wote salama. Injini yangu ndiyo iliyokufa, vali zote zimepinda.

Ndugu zangu, tairi likiisha unaliona. Breki ikiisha inalia. Mkanda wa taiming hauna adabu hiyo, unakaa kimya mpaka siku yake. Ukinunua gari la mtumba, usiamini mdomo wa dalali wala stika. Kama hukuwepo ukifungwa mbele ya macho yako, hesabu haujafungwa.

Badilisha kabla hujampakia mtu unayempenda.